Kabla ya kutia sahihi na balozi, tumkumbuke Mtoro wa Bagamoyo

Juzi nilialikwa kwenye hafla ya kutia sahihi mkataba wa maelewano baina ya chuo kikuu kimoja cha humu nchini na ubalozi wa taifa moja la Ulaya. Hafla yenyewe ilifana: bendera mbili mezani, hotuba fupi, sambusa za moto. Balozi alisema kwamba ushirikiano huo unafungua ukurasa mpya wa utafiti. Watu wakapiga makofi, nami nikapiga. Ila neno lile “mpya” lilinikaa kooni. Ushirikiano wa vyuo vikuu na watu wa mambo ya nje ni mkongwe. Kwetu sisi wa Kiswahili, umri wake unazidi ule wa chuo kikuu chochote cha Kenya.

Hebu turudi Berlin, mwaka wa 1887. Ujerumani ya Bismarck ilikuwa imeanza kujitwalia makoloni, na wanadiplomasia wake waliotumwa nchi za mbali walihitaji wakalimani. Basi gharama zikachangiwa na serikali kuu na ile ya Prussia, Wizara ya Mambo ya Nje ikiwa na mkono wake, na taasisi ikaanzishwa katika Chuo Kikuu cha Berlin. Iliitwa Seminar für Orientalische Sprachen, yaani taasisi ya lugha za Mashariki. Mkurugenzi wake wa kwanza alikuwa Eduard Sachau. Kichina, Kijapani, Kiarabu, Kiajemi na Kituruki zilifundishwa humo, na Kiswahili pia. Kumbe lugha yetu iliingia chuo kikuu cha Ulaya ikiwa kifaa cha kazi cha mabalozi na maafisa wa koloni!

Kiswahili kilifundishwa na Carl Gotthilf Büttner, mmishenari aliyewahi kuhudumu katika eneo ambalo leo ni Namibia. Lakini Wajerumani walijua kwamba lugha haijulikani kwa sarufi pekee. Walihitaji wenyewe. Amur bin Nasur, mtu wa Zanzibar, alifundisha Berlin katika miaka ya kwanza ya 1890, na habari za maisha yake alizoziandika kwa Kiswahili zikachapishwa mwaka wa 1894 katika diwani ya maandishi ya Kiswahili iliyotolewa na Büttner. Hebu fikiria: tawasifu ya Kiswahili iliyochapwa mjini Berlin karne ya 19. Ni wangapi wetu tuliofunzwa hilo shuleni?

Baada ya Büttner akaja Carl Velten. Huyu alikuwa mkalimani wa serikali ya Kijerumani huko Dar es Salaam kabla ya kuwa mwalimu wa taasisi, kwa hiyo unaona jinsi ofisi ya serikali na darasa la chuo zilivyokuwa na mlango mmoja. Mwaka wa 1900 alipata msaidizi kutoka viunga vya Bagamoyo, Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu aliyesoma Kurani na aliyeijua jamii yake ndani nje.

Mwaka wa 1903 kikatoka kitabu Desturi za Wasuaheli. Humo mna habari za uzazi na malezi, unyago, harusi, ngoma, uganga, madeni, utumwa na sheria. Mpaka leo, anayeandika kuhusu maisha ya Mrima kabla ya ukoloni kukomaa hawezi kukikwepa. Mtoro alikuwa mwandishi wake mkuu, akisaidiwa na Waswahili wengine. Jina lililobebwa na jalada ni la Velten.

Simwonei Velten. Bila yeye huenda maandishi hayo yasingechapishwa, na pia aliyaacha yasomeke kwa Kiswahili badala ya kutoa tafsiri ya Kijerumani peke yake. Lakini angalia jambo lilivyozoeleka. Mwaka wa 1965 Lyndon Harries alitoa Swahili Prose Texts, na kichwa kidogo cha kitabu hicho bado kilimtaja Velten kama mkusanyaji. Ilibidi tungoje hadi 1981, tafsiri ya Kiingereza ya J.W.T. Allen ilipotoka, ndipo jina la Mtoro likasimama kwenye kichwa cha kitabu chake mwenyewe. Miaka 78!

Na mwenyewe je? Mwaka wa 1904 alimwoa Mjerumani, Bertha Hilske. Mwaka uliofuata wakasafiri kuja Afrika Mashariki. Serikali ya koloni ikakataa mke huyo Mzungu ashuke pwani akiwa na mume Mwafrika, na wakarudi Ujerumani. Dola iliyomwita Mtoro aje kuwafundisha maafisa wake haikumruhusu arudi kwao na mkewe. Baadaye alifanya kazi Hamburg, alikokuwa Carl Meinhof. Alifariki Berlin mwaka wa 1927.

Sasa mtaniambia hayo yalikuwa ya ukoloni, na leo mambo ni tofauti. Ni kweli, yamebadilika. Shirika la DAAD lina ofisi Nairobi tangu 1973 na limewasomesha Wakenya si haba. Taasisi ya Confucius ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ya kwanza barani, ilifunguliwa mwaka wa 2005. Wasomi wetu wa Kiswahili huenda Bayreuth kila mwaka kwenye kongamano, nao hutajwa kwa majina yao. Mimi mwenyewe siwezi kuukana msaada wa aina hiyo.

Hata hivyo, kwenye ile hafla nilimuuliza mhadhiri aliyeketi kando yangu ni nani aliyechagua mada za utafiti utakaofadhiliwa, na rekodi za sauti za wazee watakaohojiwa zitahifadhiwa wapi. Alicheka. “Ndugu yangu, kunywa chai kwanza.”

Nikanywa. Lakini mawazo yangu yalikuwa kwenye miswada ya Kiswahili, iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, ambayo ingali katika maktaba za Berlin na Hamburg. Mwanafunzi wa Lamu au Mombasa akitaka kuishika kwa mkono wake, utafiti wake utaanzia kwenye foleni ya viza, ubalozini.