Miiko ya Ngarambe

Vijana wa umri wangu tunaambiwa kila siku kwamba tatizo letu ni nidhamu. Amka alfajiri. Weka simu mbali. Acha kubeti. Usikope kwenye simu ili ukale bata. Wanaotuhimiza hivyo hupenda kututajia mashujaa wa mbali, samurai wa Japani au askari wa Sparta, utadhani kwetu hakuna aliyewahi kujizuia. Nilipoanza kusoma Vita vya Maji Maji kwa ajili ya shahada ya uzamili, nilikutana na wapiganaji wenye masharti makali kuliko hayo. Chimbuko lao ni Ngarambe, wilayani Rufiji, kusini mwa mto.

Mwaka 1904 mganga Kinjikitile Ngwale alipandisha pepo aliyeitwa Hongo. Inasimuliwa kwamba alizama kwenye dimbwi la maji na kuibuka akiwa hai. Habari zikaenea, na watu wakaanza kumiminika Ngarambe kutoka Umatumbi, Rufiji na Ungindo. Walikuwa wamechoshwa na kodi, viboko vya maakida na mashamba ya pamba waliyolimishwa kwa nguvu. Ujira wa pamba hiyo ulikuwa mdogo kiasi kwamba wapo waliokataa kuupokea. Kinjikitile aliwapa dawa, maji ambayo yangezifanya risasi za Wajerumani zisiwadhuru.

Kila mwanafunzi wa sekondari nchini anayajua maji hayo. Kinachosahaulika ni kwamba dawa ilikuja na miiko. Aliyeipokea hakuruhusiwa kulala na mwanamke wakati wa vita wala kupora mali. Kulikuwa pia na vyakula vya kuepuka, na vilitofautiana kutoka mahali hadi mahali.

Tena kulikuwa na mafunzo. Ujumbe ulipita kwa minong'ono, kutoka mtu hadi mtu, kwa njia iliyoitwa njwiywila, na aliyeusikia alipaswa kuutunza. Watu walifanya gwaride la kivita, likinda, na mbele ya watawala shughuli yote ilionekana kuwa ya kwenda kwa mganga tu. Na sharti gumu kuliko yote lilikuwa kungoja. Kinjikitile aliwaagiza waendelee kumtumikia Mjerumani, hata kumlimia pamba yake, mpaka yeye mwenyewe atakapotangaza vita.

Ukiyatazama masharti haya kwa pamoja, utaona kwamba hayakumlenga mtu mmoja anayetaka kufanikiwa peke yake. Mwiko wa kupora ulimlinda jirani. Mwiko wa kusema uliwalinda wote waliokwenda Ngarambe. Watu wa lugha na koo mbalimbali, wasio na mfalme mmoja wala jeshi moja, waliweza kuaminiana kwa sababu kila mmoja alijua mwenzake amejifunga kwa kiapo kilekile. Kwangu mimi hapo ndipo penye thamani ya kujizuia. Kunampa mwenzako sababu ya kukuamini.

Lakini subira ilifika mwisho. Julai 1905, kabla ya Kinjikitile kutoa amri, Wamatumbi waling'oa pamba huko Nandete, na vita vikaanza. Tarehe 4 Agosti Wajerumani walimnyonga Kinjikitile huko Mohoro, karibu na delta. Tarehe 30 Agosti maelfu ya wapiganaji waliishambulia boma ya Mahenge wakiwa wamekwisha kupata dawa. Rashasha ziliwafyeka.

Ndipo swali likaja: kwa nini maji hayakufanya kazi? Jibu moja lilikuwa jepesi. Waliokufa walivunja miiko. Fulani alipora, fulani alilala na mkewe. Dawa ikabaki safi, na lawama ikamwendea marehemu.

Jibu hilo ndilo linalonisumbua, kwa sababu bado tunalitumia. Kijana aliyemaliza chuo miaka mitatu iliyopita na hana ajira anaambiwa hajiamini, hajituma, analala sana. Aliyelemewa na riba ya mkopo wa simu anaambiwa hana nidhamu ya fedha. Mara nyingine ni kweli. Mara nyingine ni rashasha, na hakuna kuamka alfajiri kunakozuia risasi. Anayeuza nidhamu kama kinga ya kila kitu hatakiri kamwe kwamba dawa yake ina mpaka, maana kila inaposhindwa kuna marehemu wa kulaumiwa.

Hata hivyo sitaki kumaliza kwa kuidharau miiko. Eneo hili linajua ushujaa usio na miiko unavyokuwa. Kati ya 2016 na 2017, huko Kibiti na wilaya za jirani, watu wenye silaha waliwaua viongozi wa vijiji na askari polisi, na wananchi waliishi kwa hofu hata ya kutoka nje usiku. Silaha walikuwa nazo, na ujasiri wa aina fulani pia. Kilichokosekana ni lile sharti la Ngarambe kwamba anayebeba silaha kuna mambo hatayafanya kwa jirani yake.

Serikali ya Kijerumani ilikadiria waliokufa katika Maji Maji kuwa 75,000. Makadirio ya wanahistoria yanafika hadi 300,000. Wengi hawakuuawa na risasi bali na njaa, baada ya mashamba na maghala yao kuchomwa kwa makusudi. Hakuna mwiko ambao ungewaokoa na njaa iliyopangwa na mtu mwingine, na hatuna haki ya kuwauliza walikosea nini.

Inasimuliwa kwamba kabla ya kunyongwa Kinjikitile alisema kifo chake hakibadilishi kitu, maana dawa yake ilikwisha kufika Kilosa na Mahenge. Wengi huyasoma maneno hayo kama ukaidi wa mganga. Mimi naona alikuwa anatoa taarifa sahihi. Mwaka mmoja nyuma watu hao wa Mahenge na hawa wa Umatumbi hawakuwa na jambo la kuwaunganisha. Sasa walikuwa wamefunga jambo moja, kwa masharti yaleyale, na kuyashika hakukuhitaji Mjerumani wala akida wa kuwasimamia.