Jirani Wetu katika Imani: Kanisa la Methodisti la Ribe

Usharika unapohesabu miaka mia moja ya neema, ni vema kuwakumbuka pia majirani waliotangulia. Kabla Misheni ya Leipzig haijafika Kilimanjaro mwaka 1893, Kanisa la Methodisti lilikuwa limekwisha kuota mizizi kijijini Ribe, katika vilima vilivyo nyuma ya Mombasa. Naye aliyewaongoza Wamethodisti hao hadi pwani alikuwa Mlutheri.

Mchungaji Johann Ludwig Krapf, mzaliwa wa Württemberg, aliingia Mombasa mwaka 1844 akitumwa na CMS. Mwaka huohuo alimzika mkewe Rosine na binti yao mchanga. Mwaka 1862, ingawa afya yake ilikuwa dhaifu, alirudi pwani pamoja na Thomas Wakefield na wenzake kuanzisha kituo cha Ribe. Kabla ya mwaka kwisha, maradhi yalimlazimisha Krapf kurejea Ulaya. Wenzake wengine nao waliondoka, Wakefield akabaki. Mwaka 1863 Charles New alifika kumsaidia.

Ribe haikukusudiwa kuwa mwisho wa safari. Shabaha ilikuwa Waoromo wa kaskazini, na kituo kile kilikuwa mlango tu wa kuwaendea. Mlango huo uligharimu sana. Mwaka 1871 New alifika Moshi na kupanda Kilimanjaro hadi kwenye theluji. Aliporudi mara ya pili, Mangi Mandara alimnyang'anya mali yake, na mwaka 1875 akafariki akiwa njiani kurejea pwani. Rebecca, mkewe Wakefield, alifariki Ribe mwaka 1873. Hatimaye kituo kilifunguliwa Golbanti, kando ya Mto Tana, lakini mwaka 1886 John Houghton na mkewe Annie waliuawa huko katika shambulio la Wamaasai.

Wakati macho ya misheni yalielekea kaskazini, Mungu alikuwa akikusanya watu wengine pale mlangoni. Pamoja na Waribe wenyewe, walikuja watumwa waliotoroka mashamba ya pwani wakitafuta hifadhi. Kuwapokea kulikuwa jambo la hatari, kwa maana wenye watumwa waliwadai na amani ya vituo ilitikisika. Tarehe 1 Januari 1889, huko Rabai, Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki iliwapa hati za uhuru watu zaidi ya 1,400 waliokuwa wamekimbilia vituo vya misheni. Watu wa namna hiyo, waliopoteza ukoo na nchi, walipata katika Kanisa ndugu wapya na jina jipya.

Wakefield aliondoka mwaka 1887, lakini Kanisa halikuondoka naye. Lilibaki mikononi mwa wenyeji na wale waliokombolewa. Mwaka 1912 Wamethodisti walifika Kaaga, Meru, na mwaka 1967 Kanisa la Methodisti la Kenya likaanza kujitawala.

Hili ndilo fundisho la Ribe kwa usharika huu. Waliopanda walikuwa na ramani yao, lakini mavuno yalitoka katika shamba ambalo hawakulikusudia. Tunapowataja waasisi kwa shukrani, tuwakumbuke pia wale ambao majina yao hayakuandikwa, waliobisha hodi usiku wakafunguliwa, kisha wakabaki wakilitunza Kanisa. Bwana wa mavuno anawajua wote.