Vyumba Sita na Deni Moja

Anayetaka nyumba ya kupangisha Ngombezi, kwenye mashamba ya mkonge ya Korogwe, aanze kwa kuuliza: mpangaji wangu atalipwa na nani? Mwaka 1964 Tanganyika ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge. Mwishoni mwa miaka ya 1990 zilibaki kama 20,000. Nyumba ilibaki palepale, mshahara wa kuilipia ndio uliohama.

Nyumba ya Kiswahili hulijibu swali hilo kwa ramani yake. Ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, choo na jiko uani. Mwenyewe hukaa kimoja au viwili, vingine hupangisha: mwalimu, mkata mkonge, dereva wa bodaboda, muuza mitumba. Mmoja akikwama, wengine wanalipa. Tena hujengwa polepole, msingi mwaka huu, bati mwakani, kila tofali limeshalipiwa. Wapo wanaouita huo mtaji uliolala. Mimi naona ni bima ya mtu asiye na bima, maana nyumba isiyodaiwa haipigwi mnada na benki.

Waingereza walishika njia nyingine. Tangu 1996 wana mikopo mahususi ya kununulia nyumba za kupangisha, na wengi hulipa riba tu kila mwezi, wakitumaini bei itapanda. Mpangaji akihama, riba haihami. Kisha kati ya 2017 na 2020 serikali ikapunguza nafuu ya kodi waliyopata kwenye riba hiyo, na hesabu za wengi zikavurugika bila mpangaji yeyote kukosea.

Hatari ya serikali tunaijua sisi Watanzania pia. Mwaka 1971 majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yalitwaliwa na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba. Nyumba ya vyumba sita ya kijijini ilisalimika kwa udogo wake.

Hata deni la nyumba si geni kwetu: Zanzibar ya karne ya 19 ilikuwa na bei khiyari. Mwenye nyumba au shamba alimuuzia mkopeshaji, akabaki na hiari ya kuikomboa mali yake, na huku akiendelea kuishi humo alilipa kodi. Riba iliyokatazwa na Uislamu ikavaa kanzu ya pango. Kwa hesabu, bei khiyari ni ndugu wa mkopo wa Uingereza: kote pesa ya pango inalisha deni.

Udhaifu wa nyumba yetu uko kwenye karatasi. Kiwanja kina maandishi ya mauziano tu, mzee akifa warithi kumi wanagombea vyumba sita. Wakfu wa pwani ulilizuia hilo: nyumba haiuzwi wala hairithiwi, mapato tu ndiyo hugawiwa. Lakini anayepokea fungu dogo la pango hana haraka ya kubadili bati, na nyumba nyingi za wakfu Mji Mkongwe wa Zanzibar zilichakaa.

Kwa hiyo anayenunua Ngombezi nyumba yenye wapangaji adai saini za warithi wote. Halafu, kabla ya kukabidhi fedha, apite chumba kwa chumba, muuzaji akiwepo, aulize kila mpangaji amelipa hadi mwezi gani. Kodi hulipwa miezi sita mbele, na mara nyingi muuzaji ameshaila.