Kunyoosha Mkondo: Historia ya Rektifaya na Mapokezi ya Nishati Bila Waya katika Pwani ya Tanga, kwa Kurejelea Ushongo Wilayani Pangani

1.0 Utangulizi

Historia ya umeme nchini Tanzania imezoeleka kuandikwa kwa kufuata nguzo. Mwandishi huanza na kituo cha uzalishaji, hutaja megawati zake, hufuata laini hadi inapokomea, kisha huorodhesha maeneo yaliyofikiwa na yasiyofikiwa. Kwa utaratibu huo, kijiji kama Ushongo, kilichopo ufukweni kusini mwa mto Pangani, ng'ambo ya kivuko cha Bweni, huingia katika historia pale tu nguzo inapofika. Miaka iliyotangulia huitwa miaka ya giza, na huachwa bila maelezo.

Insha hii inafuata kifaa kingine badala ya nguzo. Kifaa hicho ni rektifaya, yaani saketi inayogeuza mkondo geu wa umeme kuwa mkondo mnyoofu. Mkondo geu hubadili uelekeo wake tena na tena. Katika gridi ya Tanzania hukamilisha mizunguko 50 kwa sekunde. Mkondo mnyoofu huenda upande mmoja tu, na ndio unaohitajika na betri, redio, simu na taa za kisasa. Kila palipo na rektifaya, kuna nishati iliyofika kwa umbo moja ikatakiwa kutumika kwa umbo jingine, na kila mara sehemu ya nishati hiyo hupotea kama joto.

Hoja kuu ya insha ni kwamba ubadilishaji wa mkondo unaofanyika leo katika pwani ya Tanga ni wa aina mbili. Upo ubadilishaji wa lazima, unaotokana na kanuni za maumbile, na upo ubadilishaji wa kurithi, unaotokana na maamuzi ya kiuchumi yaliyofanywa katika karne ya 20 kwa mahitaji ya mashamba na miji. Msanifu wa vipokezi vya kuchaji bila waya asipotofautisha aina hizi mbili, atamtwika mtumiaji wa kijijini hasara isiyo ya lazima.

2.0 Mkonge, maporomoko na ushindi wa mkondo geu

Mkonge uliingia Afrika Mashariki mwaka 1893 kwa juhudi za Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Miche 62 iliyonusurika safarini ilipandwa Kikogwe, karibu na Pangani, katika upande uleule wa mto uliko Ushongo. Mwaka huohuo ujenzi wa reli ya Usambara ulianza Tanga. Mambo haya mawili yaliamua ramani ya nishati ya eneo zima: mashamba makubwa yalisambaa kando ya reli, na viwanda vyake vilihitaji nguvu ya kuendesha korona, yaani mashine za kuchakata majani ya mkonge kuwa nyuzi.

Kampuni ya TANESCO ilianzishwa mwaka 1931, na katika muongo huo maporomoko ya mto Pangani yalianza kuzalisha umeme kwa ajili ya mji wa Tanga na mashamba ya mkonge. Baada ya uhuru, kituo cha Hale chenye megawati 21 kilianza kazi mwaka 1964, na laini ya kilovolti 132 ikaunganisha Hale na Dar es Salaam. Kituo cha Nyumba ya Mungu kilifuata mwishoni mwa muongo huo. Kituo kipya cha Maporomoko ya Pangani, chenye megawati 68, kilikamilika katikati ya miaka ya 1990 kwa ufadhili wa nchi za Nordiki.

Mfumo huu wote ulikuwa wa mkondo geu, na sababu zake zilikuwa na mantiki. Transfoma hupandisha volti kwa gharama ndogo, na volti kubwa hupunguza hasara katika waya mrefu. Aidha, mota za mkondo geu ni imara na rahisi kutunza. Kwa mmiliki wa kiwanda cha mkonge mwenye mashine kubwa maili nyingi kutoka kwenye maporomoko, uamuzi huo ulifaa kikamilifu.

Hata hivyo, mtumiaji aliyekusudiwa hakuwa mvuvi wala mkulima wa minazi. Mto ulibeba jina la Pangani, lakini umeme wake ulielekea Tanga, Korogwe na baadaye Dar es Salaam. Kilichofika ng'ambo ya kivuko kabla ya umeme wenyewe kilikuwa kipimo chake: soketi ya mkondo geu ikawa ndiyo maana halisi ya "kuwa na umeme", na vifaa vya dukani vikatengenezwa kuifuata.

3.0 Redio: rektifaya iliyotangulia nguzo

Ni kosa, hata hivyo, kudai kwamba vijiji vya pwani vilisubiri nguzo ndipo vikapokea nishati ya umeme kutoka mbali. Mwaka 1874 Ferdinand Braun aligundua nchini Ujerumani kwamba baadhi ya fuwele za madini, kama galena, hupitisha umeme upande mmoja kwa urahisi kuliko upande wa pili. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugunduzi huo ulipata matumizi katika mapokezi ya mawimbi ya redio. Jagadish Chandra Bose wa Kalkuta alipata hataza ya kigunduzi cha galena mwaka 1904, na mwaka huohuo John Ambrose Fleming alibuni vali ya umeme. Redio ya fuwele haikuwa na betri. Sauti iliyosikika masikioni ilitolewa na nishati ya wimbi lenyewe, baada ya kunyooshwa na fuwele. Kwa maana hiyo, ni mfano wa mwanzo wa kipokezi cha nishati bila waya.

Katika eneo hili, teknolojia hiyo ilianza kama chombo cha dola. Wajerumani walijenga vituo vya redio Mwanza, Bukoba na Dar es Salaam, na kituo cha Dar es Salaam kilikuwa shabaha ya manowari ya Kiingereza Astraea tarehe 8 Agosti 1914, miezi mitatu kabla ya mapigano ya Tanga. Ilichukua miongo kadhaa zaidi redio kuwa mali ya raia. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kutangaza mwaka 1951, na kuenea kwa redio za transista katika miaka ya 1960 kulifanya iwezekane kusikiliza bila soketi. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyotegemea vikundi vya kusikiliza redio vijijini, iliwafikia watu wapatao milioni mbili. Mafanikio hayo yasingewezekana kama mapokezi yangetegemea gridi.

Ndani ya kila redio ya aina hiyo kulikuwa na diodi iliyonyoosha wimbi ili sauti itoke. Nishati ya kukuza sauti ilitoka kwenye betri kavu, ambazo wengi waliziita mawe, nazo zilitoa mkondo mnyoofu moja kwa moja. Kwa hiyo uchumi wa umeme wa kijiji cha pwani kabla ya nguzo ulikuwa uchumi wa mkondo mnyoofu: mawe ya redio, mawe ya tochi na, pale palipokuwa na uwezo, betri ya gari. Ulikuwa ghali kwa kila kipimo cha nishati, lakini haukupoteza chochote katika ubadilishaji.

4.0 Kutoka koili ya Faraday hadi kipokezi cha simu

Kuchaji bila waya kunategemea kanuni iliyooneshwa na Michael Faraday mwaka 1831: usumaku unaobadilika huzalisha umeme katika koili iliyo karibu. Neno la msingi hapa ni "unaobadilika". Mkondo mnyoofu usiobadilika hauwezi kuvuka nafasi kati ya koili mbili. Nikola Tesla aliwasha taa bila waya mbele ya hadhira mwaka 1891, na William C. Brown alirusha helikopta ndogo kwa nishati ya maikrowevu mwaka 1964, akitumia antena iliyounganishwa na diodi nyingi za kunyoosha mkondo. Mwaka 2008 uliundwa muungano wa makampuni uliotoa kiwango cha Qi, ambacho simu nyingi hukifuata. Vipokezi vyake vya awali vilipokea hadi wati 5, kwa masafa ya takribani kilohezi 100 hadi 205.

Katika kipokezi cha namna hii rektifaya ndiyo kiungo kinachoamua ufanisi. Daraja la diodi nne, lililobuniwa miaka ya 1890, hupitisha mkondo katika diodi mbili kwa wakati mmoja. Diodi ya silikoni hupunguza takribani volti 0.7, mbili hupunguza volti 1.4. Kwa simu inayopokea volti 5 na ampea 1, wati 1.4 hupotea ili wati 5 zipatikane, yaani asilimia 22 ya nishati iliyoingia katika daraja. Diodi za Schottky zenye kushusha volti 0.3 hupunguza hasara hiyo hadi takribani asilimia 11. Transista zinazowashwa na kuzimwa kwa kufuata wimbi huishusha zaidi, ila saketi inayoziongoza nayo hutumia nishati, na haiwezi kuanza kazi kabla kipokezi hakijapata umeme wa kwanza.

5.0 Ubadilishaji wa lazima na ubadilishaji wa kurithi

Mazingira ya Ushongo yanaipa mada hii uzito. Upepo wa bahari hubeba chumvi, mchanga huingia katika matundu ya kuchajia, na maungio ya chuma hupata kutu. Kwa wavuvi wa usiku, ambao katika pwani hii kwa muda mrefu walitegemea karabai, taa iliyofungwa kabisa bila tundu lolote ni manufaa halisi. Hapo ndipo kuchaji bila waya kunapoweza kujitetea.

Tuchukue mfano wa nyumba yenye paneli ya sola na betri. Nishati yake ni ya mkondo mnyoofu. Katika mpangilio uliozoeleka, inveta huigeuza kuwa mkondo geu wa volti 230. Chaja huinyoosha tena. Kitoa nishati huigeuza kuwa wimbi la koili. Na kipokezi huinyoosha kwa mara ya mwisho. Tukikadiria ufanisi wa asilimia 85 kwa inveta, 85 kwa chaja na 70 kwa kuvuka koili pamoja na rektifaya ya kipokezi, kati ya kila wati-saa 10 zinazotoka kwenye betri, takribani 5.1 ndizo hufika. Kitoa nishati kikiunganishwa na betri moja kwa moja kupitia kirekebisha volti chenye ufanisi wa asilimia 92, hufika 6.4. Waya wa kawaida kutoka kwenye kirekebisha volti hichohicho hufikisha 9.2.

Hesabu hii inaonesha mambo mawili. Kwanza, hatua za inveta na chaja hazitokani na kanuni ya Faraday. Zinatokana na soketi, na soketi inatokana na mahitaji ya korona za mkonge na transfoma za miaka ya 1930. Huo ndio ubadilishaji wa kurithi, na unaweza kuondolewa. Pili, hatua mbili za koili ni za lazima. Hakuna usanifu utakaoziondoa, ila hasara yake inaweza kupunguzwa. Pengo kati ya 6.4 na 9.2 ndilo gharama halisi ya kuondoa tundu, na mtumiaji ana haki ya kulijua kabla ya kununua.

6.0 Hitimisho

Insha imeonesha kwamba Ushongo na vijiji vya aina yake havikuwa nje ya historia ya umeme kabla ya nguzo. Vilikuwa na mfumo wao wa mkondo mnyoofu, na vilipokea mawimbi kwa diodi muda mrefu kabla ya simu. Gridi ilileta nguvu kubwa zaidi, lakini ilileta pia umbo la umeme lililochaguliwa kwa ajili ya watumiaji wengine.

Kutokana na matokeo hayo, insha inapendekeza kwamba vipokezi vinavyokusudiwa pwani vipimwe kwa mnyororo mzima kuanzia kwenye paneli, badala ya kupimwa kwa ufanisi wa rektifaya pekee. Rektifaya bora ya transista ikiwekwa nyuma ya inveta isiyohitajika huokoa kidogo kuliko inachopoteza inveta hiyo. Aidha, watafiti wa historia ya nishati wanashauriwa kuzihesabu betri, redio na chaja kama vyanzo vya ushahidi, kwa kuwa ndani yake imehifadhiwa historia ya kaya ambazo rejesta za wateja wa gridi hazikuziandika.