Mzee mkulima wa Nundu: maisha marefu, na shamba linalobaki

Nundu iko kwenye barabara ya taifa namba 5, kati ya Uvira na Baraka, katika sekta ya Tanganyika, teritware ya Fizi. Mzee mkulima akifariki huko, watu hukaa matanga siku kadhaa. Watoto na wajukuu wanarudi toka Baraka, Uvira, Bukavu, na wengine toka Kigoma, ng'ambo ya ziwa. Usiku, kuzunguka moto, maisha yake yanasimuliwa: alilima wapi, alizaa wangapi, alisomesha nani. Na mara nyingi, kabla matanga hayajaisha, kuna swali linalokuja polepole: shamba linabaki kwa nani?

Miaka inayohesabiwa kwa makimbilio

Wazee wengi wa Fizi hawajui tarehe waliyozaliwa. Wanahesabu umri kwa matukio. Aliyezaliwa karibu na mwaka wa 1940 aliona bado wakati wa Mbeleji na kilimo cha lazima. Uhuru wa mwaka wa 1960 ulimkuta kijana. Mwaka wa 1964 maasi ya Simba yalifika Fizi na Baraka, na watu wengi walikimbilia msituni na milimani. Mwaka wa 1967 Laurent-Désiré Kabila alianzisha chama cha PRP, na milima ya Fizi ikabaki maficho ya waasi kwa miaka mingi.

Mwaka wa 1996 vita vilirudi. Maelfu walivuka Ziwa Tanganyika kwa mitumbwi na maboti, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa Tanzania mwaka huohuo. Vita vya pili vilianza mwaka wa 1998. Mwishoni mwa mwaka huo yalitokea mauaji ya Makobola, upande wa kaskazini mwa Nundu. Toka mwaka wa 2005 maboti ya HCR yalianza kurudisha wakimbizi Baraka. Miaka 10 baadaye, zamu ilibadilika: karibu na Nundu, kambi ya Lusenda ilifunguliwa mwaka wa 2015 kwa kupokea wakimbizi wa Burundi.

Kwa hiyo, mzee mmoja anaweza kuwa alianza upya shamba lilelile mara mbili au tatu. Kila aliporudi alikuta kichaka, au alikuta mtu mwingine analima.

Shamba ndiyo benki

Kando ya ziwa, familia inaishi kwa muhogo kwanza: unga kwa ajili ya ugali, majani kwa ajili ya sombe. Mahindi, maharagwe na karanga vinafuata. Ndagala na mikebuka vinatoka ziwani. Kwa kawaida baba anafyeka na kukata miti; mama anapanda, anapalilia, anavuna, analoweka na kuanika muhogo. Ndiyo sababu kumsifu mkulima bila kutaja bibi yake ni kusimulia nusu ya habari.

Mti wa ngazi ni jambo lingine. Unangoja miaka mitatu, minne, kabla ya kuzaa, lakini ukishaanza unatoa matunda kwa makumi ya miaka. Mawese yake yamelipa masomo ya watoto wengi na dawa za hospitali. Pia mti uliopandwa mpakani ni ushahidi: jirani anajua nani aliupanda, na lini.

Kinachokosekana mzee akiondoka

Kwa Wabembe, lubunga ndipo wanaume walikaa, wakala pamoja, wakakata maneno. Vijana walisikia hapo mipaka ya mashamba na majina ya mababu. Vita na makimbilio vilivunja mikutano hiyo mara nyingi. Leo, watoto waliozaliwa kambini wanarudi na hawajui hata mto gani unatenganisha shamba lao na la jirani. Mzee akifa bila kuonyesha, ugomvi unaanza.

Sheria inasema nini?

Toka mwaka wa 1973, sheria ya Kongo inasema ardhi ni mali ya Serikali. Lakini vijijini watu wanaendelea kulima kwa haki ya kimila, wengi bila karatasi.

Juu ya urithi, Kanuni ya Familia ya mwaka wa 1987, iliyorekebishwa mwaka wa 2016, iko wazi. Watoto ndio warithi wa kwanza, na wanapata robo tatu ya mali kwa mafungu sawa, wavulana na wasichana. Mjane ana haki ya kubaki katika nyumba aliyoishi na mume wake, na kutumia nusu ya ardhi iliyoshikana nayo waliyokuwa wanalima. Hakuna shemeji mwenye ruhusa ya kumfukuza.

Yale ya kufanya mapema

Mzee akiwa bado na nguvu, familia inaweza kutembea naye shambani, wavulana kwa wasichana, na majirani wawepo. Mipaka iandikwe, mashahidi na shefu wa kijiji watie sahihi. Ndoa ya kimila iandikishwe etasivili, na watoto vilevile, maana bila karatasi mjane anapata shida kuonyesha haki yake.

Hapo, siku ya matanga, watu watakaa kuzunguka moto wakimkumbuka baba yao, badala ya kugombania mipaka yake.