Namba Iliyodhaniwa Tasa

Wanahesabu huita namba tasa ile isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe, kama vile 7, 13 na 31. Utasa ni neno zito, wala halifai kutamkwa pasipo ushahidi. Mtawa Mfaransa Marin Mersenne alilitamka upesi. Katika kitabu alichokitoa mwaka wa 1644 alitaja vipeo ambavyo, mbili ikipandishwa kwavyo kisha ikaondolewa moja, hubaki namba tasa. Na miongoni mwa vipeo hivyo alikiweka 67. Namba itokayo hapo ni 147,573,952,589,676,412,927.

Nani angemsahihisha? Wataalamu wa Ulaya waliandikiana kwa kupitia kwake, na namba yenyewe ilipita nguvu za mkono wa mtu. Tamko lake likakaa miaka 232. Alikosa pia katika 257, na vipeo 61, 89 na 107 akavipita. Lakini kosa la 67 ndilo lenye kisa.

Mwaka wa 1876 Mfaransa mwenziwe, Édouard Lucas, alionyesha kuwa namba hiyo si tasa. Ajabu ya njia yake ni kuwa haikutafuta kigawo hata kimoja: aliipitisha namba katika mtihani ambao namba tasa haina budi kuufaulu, nayo ikashindwa. Basi ikajulikana kuwa ina wana, wala hapana aliyewajua kwa majina. Hali hiyo ilidumu miaka 27, na yafaa msomaji aifikirie, kwani kuthibitisha kuwa kitu kipo si sawa na kukitia mkononi.

Aliyekitia mkononi ni Mmarekani Frank Nelson Cole. Tarehe 31 Oktoba 1903, katika mkutano wa Chama cha Hisabati cha Marekani mjini New York, alitoa vigawo viwili: 193,707,721 na 761,838,257,287. Eric Temple Bell alisimulia miaka mingi baadaye kwamba Cole hakunena neno. Aliandika ubaoni, akazidisha, akaketi, na watu wakampigia makofi. Tena kwamba kazi hiyo ilimla Jumapili za miaka mitatu. Bell alipenda kupamba habari, kwa hiyo kimya hicho kipokewe kwa hadhari. Vigawo havina shaka. Kanuni yataka kila kigawo cha namba hii, kikigawanywa kwa 134, kibakize moja. Na kile kidogo ni 134 mara 1,445,580, na moja juu yake. Hata kwa msaada wa kanuni hiyo, wa kujaribiwa walikuwa wengi mno, ndiyo maana Cole alilazimika kubuni njia za kuwapunguza.

Kuzidisha vigawo hivyo kwa kalamu ni kazi ya muda mfupi. Kuvitafuta ndiko kulikokuwa na taabu. Kompyuta za leo huifumbua namba ya Cole mara moja, lakini tofauti ile haikwisha. Mwaka wa 1977 Rivest, Shamir na Adleman waliitumia kuwa kufuli ya siri: namba mbili tasa kubwa huzidishwa, zao lake hutangazwa wazi kwa kila mtu, na zile mbili hufichwa.