Lokole, redio na androidi: namna sauti ilivyosafiri Kisangani

Faida au Saida? Katika simu, majina haya mawili yanaweza kusikika kama jina moja. Kwa mtu anayepanga bei ya mihogo si kitu. Lakini kwa jamaa zilizotawanyika tangu mapigano kati ya Wambole na Walengola yalipoanza upande wa Lubunga, mwezi wa pili mwaka 2023, herufi moja inaweza kumfanya mama avuke mto bure. Atalipa pirogi, atauliza mlango kwa mlango, na mwisho ataonyeshwa Faida wa watu wengine.

Sababu ya kosa hilo inajulikana. Sauti ni mtetemo wa hewa. Sikio zima la kijana linapokea mitetemo kutoka 20 hadi 20,000 kwa sekunde. Simu, tangu enzi za waya, ilitengenezwa kupitisha sehemu ndogo tu, kutoka 300 hadi 3,400 hivi, kwa kuwa hiyo ilitosha watu wawili kuelewana na ilipunguza gharama. Sasa herufi kama S na F zina nguvu zao nyingi juu ya mpaka huo. Simu inazikata, na msikilizaji anajaza pengo kwa kukisia. Neno la kawaida linakisiwa vizuri kwa sababu sentensi nzima inalisaidia. Jina la mtu halina sentensi ya kulisaidia.

Watu wa mto huu walilijua tatizo hilo kabla simu haijafika. Walokele, wavuvi na wafanyabiashara wanaoishi chini ya Kisangani kuelekea Isangi, walikuwa na lokole: gogo moja lililochongwa na kutobolewa ufa mrefu, mdomo mmoja ukitoa sauti ya juu na mwingine sauti ya chini. Stanley alipopita hapa mwaka 1877, habari zake zilimtangulia kwa ngoma hizo. Usiku, hewa ikitulia juu ya maji, lokole kubwa ilisikika hadi kilomita kumi hivi.

Wazungu wengi walifikiri ni alama tu, kama kengele ya hatari. Aliyeandika vizuri namna inavyofanya kazi ni John Carrington, mmisionari Mwingereza aliyefika mwaka 1938 akafanya kazi Yakusu, na baadaye akafundisha kwenye chuo kikuu cha Kisangani. Kitabu chake juu ya ngoma zinazosema kilitoka mwaka 1949. Alieleza kwamba Kikele ni lugha ya toni: neno lina sauti ya juu na ya chini, na ukikosea toni umesema neno lingine. Lokole inachukua toni peke yake na kuacha herufi zote. Sasa maneno mengi yanafanana toni. Mpigaji afanye nini? Hapigi neno tupu. Anapiga msemo mrefu unaojulikana, ambao ndani yake neno hilo haliwezi kuchanganywa na lingine. Ujumbe unakuwa mrefu mara nyingi kuliko maneno ya mdomo, na urefu huo ndio unaookoa maana.

Kwa maneno mengine, Walokele walikuwa wanageuza sauti ya mtu kuwa alama za aina mbili, wanazituma, na upande wa pili sikio lililofundishwa linazirudisha kuwa maneno. Mwaka ule ule wa 1938, huko Paris, mhandisi Mwingereza Alec Reeves aliandikisha uvumbuzi wa kupima sauti ya simu maelfu ya mara kwa sekunde na kutuma vipimo hivyo kama alama za aina mbili, ipo au haipo. Hakuna ushahidi kwamba alijua lolote juu ya Yakusu. Lakini mtu wa Kisangani ana haki ya kutabasamu kidogo. Ni njia hiyo ya Reeves inayobeba leo kila ujumbe wa sauti wa WhatsApp.

Redio ilikuja kwa mkono wa serikali ya Wabelgiji. Radio Congo Belge ilianza Léopoldville mwaka 1940, wakati wa vita, na vipindi vyake maalum kwa Waafrika vikafuata mwishoni mwa miaka hiyo. Wengi walisikilizia kwenye vipaza sauti vilivyowekwa hadharani, kwa kuwa mashine ya nyumbani ilikuwa ya tajiri. Transista ndiyo iliyobadilisha mambo. Ilivumbuliwa Marekani mwaka 1947, na redio ya kwanza ya mkononi iliyoitumia ikauzwa mwaka 1954. Miaka michache baadaye mvuvi aliweza kwenda na redio yake ndani ya pirogi, kwa betri tu.

Mji huu umejifunza kwa uchungu nguvu ya kipaza sauti. Mwaka 1964 Simba walipouteka Stanleyville, mwezi wa nane, redio ya mji ikawa sauti yao mpaka askari wa miamvuli wa Ubelgiji waliposhuka tarehe 24 mwezi wa kumi na moja. Asubuhi ya tarehe 14 mwezi wa tano 2002, askari walioasi dhidi ya RCD-Goma waliingia redioni, wakatangaza kwa raia kuwafukuza Wanyarwanda. Kisasi kilichofuata, hasa Mangobo, kiliua watu zaidi ya 80. Katika mji wenye historia hiyo, swali la nani anasema, na kama alisema hivyo kweli, si swali la mafundi peke yao.

Kati ya matukio hayo kuna vita vya siku sita, kutoka tarehe 5 hadi 10 mwezi wa sita 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana katikati ya Kisangani na kuua mamia ya raia. Nchi ilikuwa imekatwa vipande. Ndiyo maana tarehe 25 mwezi wa pili 2002 inakumbukwa: siku ambayo mazungumzo ya Wakongomani yalifunguliwa Sun City, Afrika Kusini, ndiyo siku Radio Okapi ilipoanza kusikika, chini ya MONUC na Fondation Hirondelle, kwa Kifaransa na lugha nne za taifa. Mtu wa Makiso akamsikia mtu wa Kinshasa bila kupitia jeshi lolote.

Chombo cha mwandishi wa redio wakati huo kilikuwa kasha lenye mkanda. Kaseti ilitolewa na Philips mwaka 1963, ikatawala miaka zaidi ya thelathini. Ilikuwa na uvumi wake wa shhh ambao kila aliyekua na Zaire anaujua. Betri zikichoka, mkanda ulizunguka polepole, na siku ya kuusikiliza kwa betri mpya sauti ya mzee ikawa ya mtoto. Pamoja na hayo ilikuwa na wema mmoja: mkanda ulitoa onyo. Ulisikia unaharibika, ukajua. Faili ya simu haionyi. Inaonekana nzima kwenye kioo hata kama ndani yake hakuna kitu cha kueleweka.

Androidi ya kwanza iliuzwa mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya iPhone. Ilipoanza kushuka bei, hasa kwa simu za Tecno na Itel, mwandishi wa redio ya jamii akajikuta ana mashine ya kurekodi, mashine ya kukata sauti na njia ya kutuma habari, vyote mfukoni. Ndipo tatizo jipya likaonekana. Sauti ikafika studio ikiwa nyembamba, yenye upepo, jenereta na pikipiki, na mtangazaji akalazimika kusema upya yale ambayo mhusika alisema vizuri zaidi kwa kinywa chake.

Hapa inabidi kufungua simu kidogo. Ndani ya kila androidi kuna kigeuzi cha sauti chenye kazi mbili. Unaporekodi, kinapima umeme unaotoka kwenye maikrofoni na kuuandika kama namba: kwa ubora wa CD, iliyotoka mwaka 1982, ni vipimo 44,100 kila sekunde, na kwa simu ya kawaida ya kupiga ni 8,000 tu. Unaposikiliza, kinafanya kinyume, kinageuza namba kuwa umeme wa kusukuma ekuteri. Kigeuzi hicho ni kidogo sana na kinakaa jirani na antena, betri na kila kitu chenye kelele ya umeme. Mtengenezaji wa simu ya bei ndogo hakiwekei fedha. Anaziweka kwenye kamera, kwa sababu picha ndiyo inayouza simu.

Wapenzi wa muziki ndio waliotafuta mlango wa kutokea. Mwaka 2010 iPad ilipotoka, waligundua kwamba kile kifaa kidogo cha kuingiza picha za kamera kinaweza pia kutoa sauti ikiwa bado ni namba, ikapelekwa kwenye kigeuzi cha nje. Mwaka 2012 vikaanza kuuzwa vigeuzi vyenye ukubwa wa flashi, kwa ajili ya kompyuta kwanza. Android 5, ya mwaka 2014, ikaruhusu jambo hilo kwa simu nyingi kupitia tundu la USB. Halafu mwaka 2016 Apple ikaondoa kabisa tundu la ekuteri kwenye iPhone 7. Watu walilalamika sana, na malalamiko yalikuwa na haki. Lakini kile kiwaya kidogo kilichokuja ndani ya boksi kilikuwa na kigeuzi kamili ndani yake, na kikauzwa peke yake kwa dola 9. Kitu kilichokuwa anasa ya wachache kikawa cha bei ya kuku.

Kwa Kisangani, swali la muziki si la kwanza. Anayesikiliza rumba kwa ekuteri za faranga chache hatasikia tofauti kubwa hata akichomeka kigeuzi cha dola 200, na muuzaji anayemwambia vinginevyo anauza maneno. Faili iliyobanwa sana ili isile mega nyingi haitarudishiwa kile ilichokwisha kupoteza. Faida ya kusikiliza kwa kigeuzi cha nje inaonekana kwa mtu mwenye ekuteri kubwa zinazohitaji nguvu, au kwa redio ndogo inayounganisha tableti moja kwa moja na meza ya kuchanganya sauti. Hapo uvumi unaotoka ndani ya tableti, unaopanda kila mara chaja inapochomekwa, hupungua au hutoweka.

Faida kubwa iko kwenye kazi ya kinyume, yaani kurekodi. Kigeuzi cha nje chenye mlango wa maikrofoni kinaruka vile viungo hafifu vya simu na kumpa mwandishi uwezo wa kutumia maikrofoni ya kweli, ile inayoshikwa mkononi na kuwekwa karibu na mdomo. Na hapo lazima kusema jambo ambalo wauzaji hawapendi: ukaribu una nguvu kuliko kigeuzi. Maikrofoni ya kawaida ikiwa umbali wa kiganja kimoja, na kitambaa juu yake kwa ajili ya upepo, itashinda mashine ya bei kali iliyoshikwa mita moja kutoka kwa mtu anayesema, ndani ya darasa lenye watoto arobaini na bati la mvua juu. Kigeuzi kinahifadhi kile kilichofika. Hakiendi kuleta kile kilichobaki hewani.

Sokoni kuna mtego mmoja uliokwisha kula fedha za wengi. Viwaya vya kutoka USB-C kwenda tundu la ekuteri vinafanana kwa sura, lakini ni vya aina mbili. Kimoja kina kigeuzi ndani. Kingine ni waya tu, na kinafanya kazi kwa simu zile tu ambazo zenyewe zinatoa sauti iliyokwisha kugeuzwa. Mnunuzi anaporudi kulalamika, muuzaji anakijaribu kwenye simu yake mwenyewe, kinaimba, na ugomvi unaanza. Wote wawili wanasema kweli. Dawa ni kujaribu kwa simu yako kabla ya kulipa, na kwa mwandishi, kujaribu pia kurekodi, kwa kuwa viwaya vingine vinatoa sauti bila kuingiza.

Halafu umeme. Kigeuzi cha nje hakina betri mara nyingi. Kinakunywa ya simu. Katika mji ambao unategemea kituo cha mto Tshopo, cha tangu wakati wa Wabelgiji, hilo si jambo dogo. Kwa jamaa iliyohama vita, inayolipa ili simu ichajiwe, ni kubwa zaidi. Mwandishi anayejua kazi yake huchomeka kigeuzi mtu anapokuwa tayari kusema, na kukitoa akimaliza.

Kisha anasikiliza palepale, kwa ekuteri, kabla ya kuondoka, mwenye sauti akiwa bado mbele yake. Faili anaituma kama dokima, maana ujumbe wa sauti wa WhatsApp unabanwa tena unaporekodiwa. Kama mega hazitoshi, anatuma majina peke yake kwa ubora mzuri na mengine kwa maandishi.

Na hata hivyo Saida atapotea kama jina lake litapita peke yake. Carrington aliandika kwamba kwenye lokole mtu alikuwa na jina la ngoma, na jina hilo lilikuwa refu: jina lake mwenyewe, kisha la baba yake, kisha kijiji cha mama yake. Lilirudiwa mara kadhaa. Tangazo la kumtafuta ndugu linahitaji vitu hivyo hivyo, kwa mpangilio huo huo, na lisomwe mara mbili, polepole, kwa sababu vijiji vya mto vinafanana mwanzo, Yakusu, Yangambi, Yanonge, na mama anayesikiliza kwenye redio ya jirani anaweza kuwa amekosa silabi ya mwisho pikipiki ilipopita.